Ardhi ya wadaiwa ada: Mpango wa kuwafaa maskini unavyoweza kuwageuka wakazi wa Takawiri

SHERIA ya Kitaifa ya Ada za Ardhi, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Desemba 2024, ilifuta sheria mbili kongwe ambazo zilikuwa zimesimamia utozaji wa ada hizo nchini tangu miaka ya mwisho ya ukoloni. Kaunti zote 47 zimepata msingi mpya wa kuthamini ardhi, kuitoza ada na kuwaandama wasiolipa. Linalosalia ni swali ambalo lina siasa nyingi kuliko sheria: ardhi ya mtu aliyeshindwa kulipa ada kwa miaka na mikaka iende kwa nani?

Jibu moja ambalo limejaribiwa katika mataifa mengine, hasa Marekani, ni kuikabidhi kwa mashirika yasiyo ya kibiashara ili yajenge nyumba za watu wa mapato ya chini. Wazo hilo lina mvuto. Serikali inaondokewa na deni lisilolipika, kiwanja kilichoota magugu kinapata mwenyewe, na familia iliyokuwa ikihangaika inapata paa. Kwa mtazamo wa haraka, hakuna anayepoteza ila mwenye ardhi aliyepuuza wajibu wake.

Hata hivyo, mtazamo huo wa haraka una kasoro, na kasoro yenyewe huonekana vyema zaidi mtu akiondoka Nairobi na kwenda mahali kama Takawiri.

Takawiri ni kisiwa kidogo katika eneobunge la Suba Kaskazini, Kaunti ya Homa Bay, kati ya Rusinga na Mfangano. Hufikiwa kwa mashua kutoka Mbita. Wageni hukisifu kwa mchanga wake mweupe na minazi yake, mandhari ambayo mtu angeyatarajia Diani wala si katika maji baridi ya Ziwa Victoria. Wenyeji, Wasuba na Waluo, hutegemea omena, mbuta na ngege, pamoja na mashamba madogo ya mtama, mahindi na mihogo.

Katika kisiwa kama hicho, umaskini wa makao una sura mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Sura ya kwanza ni ya mwenyeji. Huyu ana dala, yaani boma la ukoo, na kwa mujibu wa mila mtoto wa kiume hutengewa mahali pa kujenga simba yake hapo nyumbani kabla ya kuhama na kuanzisha boma lake. Nyumba yenyewe huenda ikawa ya udongo na mabati yaliyochakaa, lakini hakuna wa kumfukuza. Sura ya pili ni ya mtu wa ufuoni: mvuvi aliyehamia kufuata samaki, au mwanamke anayenunua omena, kuianika na kuiuza bara. Hao hukodi vyumba vya mabati vilivyobanana karibu na mahali mashua zinapotia nanga. Anayetaka kuona hali hiyo ilipofikia upeo aitazame Migingo, katika Kaunti ya Migori, ambako mamia ya watu wamejibana kwenye mwamba ambao haufikii ukubwa wa uwanja wa kandanda, na ambao Kenya na Uganda zimeuzozania tangu mwishoni mwa miaka ya 2000.

Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeshuhudiwa tangu miaka ya 1960, ni vyumba hivyo vya ufuoni vilivyotangulia kumezwa, kuanzia Busia hadi Migori. Wapangaji walihama na vyandarua na masufuria yao. Hawakuwa na kiwanja cha kudai wala fidia ya kungoja. Iwapo kuna watu katika kaunti hizo wanaostahili kujengewa nyumba na shirika la hisani, basi ni hao.

Swali ni kama ardhi ya kuwajengea inaweza kupatikana kwa wadaiwa ada.

Deni linalolala

Wakenya wengi huchanganya malipo mawili. Kuna kodi ya ardhi, ambayo hulipwa Serikali Kuu na mtu aliyekodishwa ardhi ya umma kwa muda maalumu, aghalabu miaka 99. Kisha kuna ada za ardhi, ambazo hutozwa na kaunti kwa mujibu wa Kifungu cha 209 cha Katiba. Mwenye kiwanja mjini hulipa zote mbili. Mkulima mdogo wa mashambani mwenye hatimiliki ya kudumu kwa kawaida hakuwa akilipa yoyote. Halmashauri za zamani ziliona gharama ya kumfuata inazidi kile ambacho zingepata.

Kwa asiyelipa ada za kaunti, sheria haikuwa butu. Deni hilo hubaki juu ya ardhi yenyewe, si juu ya mtu tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 28, inaliorodhesha miongoni mwa haki zinazoibana ardhi hata pasipo kuandikwa kwenye sajili. Anayenunua kiwanja bila kuuliza hununua na deni lake. Isitoshe, ardhi haiwezi kuhamishwa kisheria bila cheti cha kuonyesha kwamba ada zimelipwa.

Lakini kati ya makali ya sheria na utekelezaji pana pengo kubwa. Kaunti huweza kwenda mahakamani, ila huona wepesi kutangaza msamaha wa riba na faini kila bajeti inapokaribia, kisha kungoja. Deni hulala usingizi hadi siku mwenye ardhi atakapotaka kuuza. Mwenye nia ya kuketi juu ya kiwanja miaka thelathini akisubiri bei ipande hana cha kumwamsha. Hata orodha za uthamini zenyewe zilizeeka: sheria ya awali iliagiza zifanywe upya angalau kila baada ya miaka kumi, ilhali Nairobi iliendelea kutoza ada kwa bei za mapema miaka ya 1980 kwa zaidi ya miongo mitatu.

Kwa hiyo wanaopendekeza kaunti ziamke na kuitwaa ardhi ya wadaiwa sugu wana hoja. Ni vigumu kumhurumia mtu mwenye ekari katikati ya mji unaokua kama Mbita ambaye hajailima, hajaijenga wala hajailipia.

Yaliyotokea Marekani

Mji wa New York ndio uliokuwa maabara ya mpango huu. Katika miaka ya 1970, wenye majengo katika mitaa ya Bronx, Harlem na Brooklyn waliyatelekeza kwa maelfu, wengine wakiyateketeza ili wadai bima. Mwaka 1976 mji huo ulifupisha muda wa kutwaa jengo la mdaiwa kodi hadi mwaka mmoja. Matokeo yake ni kwamba serikali ya mji ilijikuta mwenye nyumba mkuu wa maskini, ikimiliki makumi ya maelfu ya vyumba ambavyo haikuwa na uwezo wa kuvikarabati. Baadhi ya wapangaji walijiunga katika vyama vya ushirika, wakasaidiwa na mashirika yasiyo ya kibiashara, wakafufua majengo yao kwa mikono yao. Hiyo ni sehemu ya hadithi ambayo husimuliwa kwa fahari, na inastahili.

Mwaka 1996 mji huo ulibuni utaratibu mwingine: badala ya kulichukua jengo na kulitunza, ungelipitisha moja kwa moja kwa mtu wa tatu, ambaye mara nyingi alikuwa shirika la nyumba za bei nafuu. Katika jimbo la Michigan, Kaunti ya Genesee, ulipo mji wa Flint, ilianzisha benki ya ardhi mwaka 2002 baada ya viwanda vya magari kufungwa na watu kuhama, ili viwanja vya wadaiwa visiishie mikononi mwa walanguzi wa minada. Mfano huo uliigwa na majimbo mengi.

Kisha nyakati zikabadilika. Mitaa ya Brooklyn iliyokuwa mahame ikawa ghali, na utaratibu uliobuniwa kuwaadhibu wenye nyumba walioyatoroka majengo yao ukaanza kuwanasa wazee wenye asili ya Kiafrika waliokuwa wakiishi ndani ya nyumba zao. Deni la maji na kodi ambalo halikufikia sehemu ndogo ya thamani ya jengo lilitosha kuwapokonya mali yote, bila kurudishiwa hata senti. Mwaka 2019 jaji mmoja wa Brooklyn alibatilisha utwaaji wa majengo kadhaa, na mji ukalazimika kusitisha mpango huo. Ajabu ni kwamba waliopokea nyumba hizo walikuwa mashirika ya hisani, yakiwa na nia njema kabisa ya kuwasaidia maskini.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliingilia suala pana zaidi Mei 2023, katika kesi ya ajuza wa miaka 94 kutoka Minneapolis. Alikuwa akidaiwa takriban dola 15,000, sehemu kubwa ikiwa riba na faini. Kaunti ya Hennepin iliuza nyumba yake dola 40,000 na kuibana pesa yote. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba kaunti ilikuwa na haki ya deni lake, si zaidi. Jimbo la Michigan lilikuwa limeamua vivyo hivyo mwaka 2020, baada ya mtu kupoteza nyumba kwa deni la dola 8.41, ambazo hazingetosha nauli ya mashua kwa familia moja kutoka Mbita hadi kisiwani na kurudi.

Jirani Tanzania haiwezi kukumbwa na balaa la aina hiyo, kwa sababu ilipita njia nyingine kabisa. Tangu Julai 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme: Sh1,000 za nchi hiyo kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiasi kilichopandishwa hadi Sh1,500 mwaka 2023. Hakuna mdaiwa, kwa hivyo hakuna mnada. Ila mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, na mwenye kiwanja kitupu kisicho na mita hatozwi chochote kwa njia hiyo. Utaratibu huo ni mwepesi kwa mkusanyaji, lakini haumgusi kamwe anayeificha ardhi.

Majina ya marehemu

Turudi Takawiri. Tuseme kaunti inaamua kupanua orodha yake ya uthamini hadi visiwani, jambo ambalo si la kushangaza wakati ambapo serikali zote mbili zinaimba uchumi wa buluu; sherehe za Madaraka za 2025 zilizofanyika mjini Homa Bay ziliandaliwa chini ya kaulimbiu hiyohiyo. Ufuo wenye mchanga mweupe una thamani. Mthamini ataiandika.

Hapo ndipo jambo ambalo halitajwi mara nyingi linapoanza kuuma. Halmashauri nyingi nchini zilizoea kutoza ada kwa thamani ya ardhi peke yake, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Mantiki yake ni nzuri: mwenye kiwanja kitupu hulipa sawa na aliyejenga, kwa hiyo uvivu unagharimu. Mjini, kanuni hiyo humchoma mlanguzi. Lakini chukua vipande viwili vinavyopakana ufuoni kisiwani, kimoja kina hoteli ya watalii na cha pili kina nyumba ya udongo, zizi la mbuzi na nyavu zilizoanikwa. Vikilingana kwa ukubwa, ada yake ni moja. Hoteli itaipata katika malipo ya wageni wa wikendi moja. Mwenye mbuzi ataipata wapi?

Atashindwa, na jina lake litaingia katika orodha ya wadaiwa. Au, kwa usahihi zaidi, litaingia jina la babake, au la babu yake. Katika maeneo mengi ya Nyanza Kusini ambako ardhi ilipimwa na kusajiliwa katika miongo ya kwanza baada ya uhuru, hatimiliki nyingi zingali katika majina ya wazee waliokwisha kuzikwa. Familia iligawana kwa maneno mbele ya wazee wa ukoo, kila mmoja akajua mpaka wake, na hakuna aliyeona haja ya kwenda mahakamani.

Ukimwi ulizidisha utata huo. Homa Bay imekuwa mstari wa mbele katika takwimu za maambukizi nchini kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika kaunti hiyo alikuwa akiishi na virusi. Fuo za ziwa ziliumia zaidi. Kizazi cha kati kilifyekwa kabla ya dawa kupatikana kwa wingi, wakabaki nyanya na wajukuu juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mtu ambaye wajukuu hao hawakuwahi kumwona. Hao si wavamizi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inawatambua mjane na watoto. Lakini mbele ya karani wa ada za kaunti hawapo: ilani hutumwa kwa marehemu, marehemu hajibu, na asiyejibu huhesabiwa mdaiwa sugu.

Kwa hivyo ardhi ambayo ingekuwa rahisi zaidi kutwaliwa visiwani si ile ya tajiri wa Nairobi aliyenunua ufuo ili aje kujenga siku moja. Huyo ana wakili, anuani ya barua pepe na simu ya mtu wa bungeni. Ardhi rahisi ni ile isiyo na mtu wa kujibu barua. Shirika la hisani lingeipokea kwa moyo mkunjufu, lijenge nyumba safi za mawe kwa ajili ya wachuuzi wa omena, na kumhamisha mjane mmoja ili kumpa kivuli mchuuzi mwingine ambaye huenda naye ni mjane.

Mukuru, Huruma na Voi

Hii haina maana kwamba mashirika yasiyo ya kibiashara hayana nafasi katika suala la ardhi na makao nchini. Yamefanya makubwa, na yalifanya bila kungoja minada ya wadaiwa.

Kisa cha Mukuru, jijini Nairobi, ndicho kinachokaribia zaidi mada hii. Katika miaka ya 1980 ardhi ya umma katika eneo hilo ilikabidhiwa watu binafsi na kampuni kwa sharti kwamba wajenge viwanda vidogo katika muda uliowekwa. Wengi hawakujenga lolote. Waliziweka hati rehani benki, wakachukua mikopo, na huku nyuma maelfu ya vibarua wa viwanda jirani wakajisitiri hapo. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililozaliwa 1996, pamoja na mfuko wake wa Akiba Mashinani, walishirikiana na wanasheria na vyuo vikuu kuchunguza hati hizo moja baada ya nyingine. Hoja yao haikuwa deni. Ilikuwa kwamba waliopewa ardhi ya umma kwa masharti na kuyavunja hawastahili kuilinda dhidi ya wale wanaoishi juu yake. Mwaka 2017 serikali ya jiji ililitangaza eneo hilo, lenye kaya zaidi ya 100,000, kuwa la mipango maalumu. Wakati huo huo, wanachama wa vikundi vya akiba walichanga pesa zao wenyewe kununua ardhi mbadala kwa bei ya soko.

Huruma, mtaa wa Kambi Moto, baraza la jiji lilikubali mwaka 2003 kuwaachia wakazi ardhi ya umma waliyokuwa wakiikalia, wakajijengea nyumba ndogo za ghorofa kwenye vipande ambavyo mtu angedhani havitoshi hata banda la gari. Haikuwa lazima mtu yeyote apoteze chake.

Voi lilifanyika jambo ambalo linastahili kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa kijiji cha Tanzania-Bondeni, wakisaidiwa na Wizara ya Serikali za Mitaa na shirika la misaada la Ujerumani, GTZ, waliamua kwamba ardhi waliyorasimishiwa isigawanywe kwa hatimiliki za mtu mmojammoja. Iliwekwa chini ya udhamini wa jamii nzima. Mtu angemiliki nyumba yake, airithishe au aiuze, lakini ardhi iliyo chini yake haiuziki. Watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa wazo hilo na Mjerumani: wakfu ni wa kale kuliko serikali zote zilizotawala Kenya. Sababu ya wakazi ilikuwa ya kawaida. Walijua kwamba hatimiliki ikishaingia mfukoni mwa maskini, tajiri hufuata akiwa na pesa taslimu, na baada ya miaka mitano mtaa huwa wa watu wengine.

Mpango huo ulipata misukosuko. Sheria za Kenya hazikuwa zimeandikwa kwa ajili ya umiliki wa aina hiyo, na mara wafadhili walipoondoka, hamu ya hatimiliki za kibinafsi ilirudi. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024 tu, zimerahisisha baadhi ya yale yaliyowatatiza watu wa Voi.

Nyumba za serikali

Atakayesema kwamba mashirika hayahitajiki tena kwa kuwa serikali yenyewe inajenga ana cha kuonyesha. Mjini Homa Bay kwenyewe, nyumba 110 zilijengwa chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu unaogharamiwa kwa makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri wake. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inatambua hata wenye mapato chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na kubuni kamati za kaunti zitakazotazama makao ya mijini na mashambani.

Lakini nyumba hiyo hulipiwa arbuni kisha karo ya kila mwezi bila kukosa, na kipato cha mchuuzi wa omena hufuata mwezi wa angani. Usiku wa mbalamwezi omena haivuliki vizuri kwa taa, na shughuli hupungua. Uvuvi wa omena pia hufungwa kwa miezi kadhaa kila mwaka ili samaki wazaane. Hakuna jedwali la malipo lililotungwa Nairobi linaloujua mwezi mchanga na mwezi mpevu. Shirika dogo lililo ufuoni, linalofanya kazi na vikundi vya akiba vya wanawake na kamati za usimamizi wa fuo, laweza kulijua. Hapo ndipo lilipo pengo la kuzibwa.

Ardhi ya kulizibia ipo, ila haimo katika orodha ya wadaiwa ada pekee. Kuna viwanja vya umma vilivyokuwa vya mabaraza ya zamani ambavyo Katiba iliviweka chini ya kaunti. Kuna ardhi iliyokodishwa kwa masharti ya kuijenga ambayo masharti yake yalivunjwa kama yalivyovunjwa Mukuru; Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu ukodishaji wa aina hiyo kukatizwa. Kuna pia mdaiwa halisi wa mjini, ambaye yu hai, ana uwezo na hakai juu ya ardhi yake. Kumtwalia huyo kwa amri ya mahakama, deni likatwe na salio lote arudishiwe, hakutakiuka Kifungu cha 40 cha Katiba kinacholinda mali.

Madiwani wa Homa Bay na Migori watakaoandika sheria zao za ada wana nafasi ya kulitenga kundi hilo na kundi la pili. Lingetosha sharti kwamba ardhi ambayo mtu anaishi juu yake haitwaliwi kwa deni la ada, na kwamba ilani yoyote iliyoandikwa jina la marehemu ni batili hadi warithi watafutwe pale pale kisiwani na chifu, si kwa tangazo la gazeti ambalo hufika Takawiri, likifika, limefungiwa sukari.

Warithi nao watahitaji muda. Kesi za urithi wa mali ya thamani ndogo husikizwa na mahakimu, na mahakama ya Mbita iko ng'ambo tu ya maji. Mjane huenda huko akiwa na cheti cha kifo, ambacho kwa mtu aliyefariki miaka ya 1990 huenda hakikuwahi kutolewa, barua ya chifu inayowataja warithi wote, na nakala ya hati ya ardhi. Ombi lake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungojewa siku 30 iwapo kuna mwenye pingamizi. Baada ya kupewa usimamizi wa mirathi, kwa kawaida husubiri miezi sita zaidi kabla hati hiyo haijathibitishwa ili jina la marehemu litolewe na lake liandikwe. Muda wote huo ada huendelea kuhesabiwa, na riba juu yake.